Zamu ya Shati

Katika shirika letu mimi ni mtuhumiwa. Hakuna aliyelitamka neno wizi mbele yangu, lakini kila tukimaliza sala na mwenye nyumba akianza kupitisha karanga, maman prezidante wetu hunitazama kwa upole wa mtu anayemwombea mgonjwa, nami najua anafikiria shati. Zamu yangu ya kulitunza ilikwisha zamani. Shati bado liko kwangu. Nikifa leo, nina hakika watakuja kunililia, ila kwanza watachungulia kabatini.

Kwa asiyetufahamu, shirika ni majirani Wakatoliki wanaokutana kila juma kusoma Injili. Hatuna jengo. Tunakutana nyumba kwa nyumba, kwa zamu, na zamu ndiyo kitu tunachokiheshimu hapa Ibanda, Bukavu, kuliko vingine vyote. Mtu anaweza kukosa misa na tukamsamehe. Akiruka zamu, tunaanza kuulizana kama nyumbani kuna shida. Siku ya zamu yako ndiyo siku majirani wanaingia sebuleni, wanakaa kwenye viti vyako, wanaona pazia, na wanarudi kwao wakijua kama unaendelea mbele au unashuka. Nimekaa mtaa huu tangu nikiwa bibi harusi, na naweza kushuhudia kwamba mapazia yote mapya niliyoyaona yaliletwa na neno la Mungu.

Basi paroko akahubiri juu ya maibobo, wale watoto wanaolala sokoni na chini ya baraza za maduka. Alisema ni aibu kupita pembeni yao na Biblia kwapani. Akaomba kila shirika lijitolee kufanya kitu. Hakusema kitu gani, na hapo ndipo alipokosea, kwa maana ukituambia tufanye kitu bila kutuonyesha, tutafanya kile tulichokizoea.

Tulijadiliana jioni nzima. Mmoja alitaka blanketi, mwingine alitaka novena. Mwishoni maman prezidante akasema tuwapokee watoto kwa zamu, kama tunavyopokeana sisi wenyewe. Kila Jumamosi nyumba moja ingewapikia watoto wa soko la Nyawera. Tulipiga makofi. Tulijiita wajitoleaji, na nakiri neno lile lilitukaa vizuri mdomoni.

Nyumba ya kwanza ilipika bugali na maharage. Watoto walikula, wakashukuru, wakashuka zao. Nyumba ya pili ikaona kwamba maharage ni chakula cha kila siku, ikaongeza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga. Nyumba ya tatu ikaleta wali na nyama. Kisha ikafika zamu ya jirani yetu ambaye mume wake hununua dhahabu Kamituga. Yule alichinja kuku, akaagiza gato, keki yenye maandishi ya sukari juu, akakodi viti vya plastiki na kuvifunga vitambaa vyeupe kama vya harusi. Watoto walikaa juu ya vile vitambaa wakiwa hawajui waweke wapi mikono.

Baada ya hapo mambo yaliharibika. Watoto hawakuwa wajinga, walianza kulinganisha. Zamu yangu ilipofika nilipika sombe, majani ya muhogo, na samaki, chakula ambacho mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akikifuata mbio kutoka kazini. Mtoto mmoja alikula, akatazama mlangoni kidogo kama gato bado iko njiani, kisha akanifariji. Aliniambia hata hivi ni vizuri, maman. Nilitamani kumpiga na mwiko.

Siku hiyohiyo ndipo nilipomwona vizuri msichana mmoja kati yao. Alikuwa na miaka kama tisa, mwembamba, na sauti nzito isiyolingana na mwili wake. Alikuwa amepanda kutoka Sange na shangazi yake kwenye lori. Shangazi alimwacha Nyawera akimwambia amngoje pale, yeye anaenda Kamituga kutafuta kazi na atarudi kumchukua. Hakurudi. Mtoto alikuwa na maelezo yake, kwamba barabara ya Kamituga ni mbaya sana, na sisi watu wazima tulimkubalia, maana kweli ni mbaya.

Wenzake walipomaliza kula waliomba cha kubeba. Yeye alinifuata jikoni.

“Maman, miye sitaki ya kubeba,” alisema. “Munipatiye tu musumari.”

Nilimwuliza msumari wa kufanyia nini.

“Wa kutundika shati. Asubui nitakuya kuivala, kisha masomo nitairudisha.”

Alinieleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kueleza jambo lile katika nyumba nyingi na kuchekwa. Kuna shule ya msingi karibu na soko. Mkuu wake, direktrisi tunavyomwita, ni mtawa mmoja mrefu. Msichana alikuwa amemfuata nyuma siku kadhaa, akimbebea mfuko wa nyanya bila kuombwa, mpaka mtawa akachoka na kumwuliza anataka nini. Akasema anataka kusoma. Direktrisi akamwambia nafasi ipo, lakini atakuja na sketi ya bluu na shati jeupe, safi, kama wengine wote, na siku atakayokuja mchafu nafasi yake itapewa mwingine, kwa maana wanaongoja getini ni wengi.

Sketi haikumsumbua. Bluu inasamehe, aliivaa mchana na usiku chini ya gauni lake. Madaftari yalibaki darasani kwa mwalimu. Shida ilikuwa shati. La kwanza aliibiwa akiwa amelala, limefungwa kichwani. La pili alilipata kwa mwuza caguo, nguo za mitumba, aliyemchotea maji, na tangu alipolipata alikuwa hapati usingizi. Mtoto wa sokoni anaweza kulala popote. Shati jeupe haliwezi.

Mimi misumari ninayo. Watoto wangu wamehamia Kinshasa, chumba cha binti yangu kimebaki na kitanda, chandarua, na ukuta mzima wa misumari isiyo na kazi. Ningemwambia ndiyo palepale na mambo yangekwisha. Lakini nilikuwa mwanashirika mwema, na mwanashirika mwema hafanyi jambo peke yake. Nikalipeleka kwenye mkutano.

Sijawahi kuona watu wakizungumza hivyo juu ya msumari. Mmoja alisema shati likikaa nyumba moja, nyumba hiyo itaonekana ina huruma kuliko nyingine, na umoja utavunjika. Mwingine akasema leo shati, kesho mwenye shati, keshokutwa shangazi yake na wajomba wote wa Sange. Mmoja akanong'ona kwamba watoto wa barabarani huwezi kujua wametoka na nini kwao, na wale waliokuwa karibu naye wakafanya ishara ya msalaba huku wakijidai wanakuna bega. Mume wa mmoja wetu, aliyekuwa amelala kitini, akaamka akakumbusha kwamba Yohane Mbatizaji alisema mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo, lakini juu ya mahali pa kuitundika hakusema kitu.

Uamuzi ulikuwa ule ambao sisi tu tungeweza kuufikia. Shati lingepokelewa kwa zamu. Kila nyumba juma moja.

“Tumekubali shati,” maman prezidante alisema akifunga mkutano. “Juu ya mutoto, hatuyaongea.”

Na shati likaanza ziara. Jumamosi baada ya chakula liliwekwa ndani ya kitunga, likafunikwa kitambaa cha kutarizi, likakabidhiwa kwa nyumba inayofuata kwa wimbo. Nyumba ya kwanza ililifua kwa sabuni ya kawaida. Nyumba ya pili ikatumia sabuni ya kunukia, na ikataka wote walinuse. Nyumba ya tatu ikatia wanga mwingi, hata shati likawa linaweza kusimama mezani bila mtu ndani. Nyumba nyingine ikaona vifungo vimechakaa, ikashona vipya vya rangi ya lulu. Jirani wa dhahabu alipolipata alilipeleka kwa fundi wake, na lilirudi na lesi kwenye kola na njiwa mdogo aliyetariziwa mfukoni. Njiwa alikuwa na jani mdomoni. Tulimpitisha mkono kwa mkono tukisema ee, na kila aliyesema ee alikuwa anafikiria yeye ataongeza nini.

Msichana naye alilazimika kujua juma hili shati limelala wapi. Nyumba zetu zimetawanyika juu na chini ya mlima, na alfajiri alikuwa akipanda ngazi za udongo kulifuata. Alipokelewa kwenye mlango wa nyuma. Alipewa shati, akavaa kando ya choo, akakimbia. Baada ya masomo alilirudisha, akavaa gauni lake, akashuka sokoni. Kabla hajashuka, mwenye zamu alikagua kola na mikono kwenye mwanga, na kama kulikuwa na doa alimwuliza amefanya nini nalo. Akaanza kuliogopa lile shati. Mwalimu wake alituambia baadaye kwamba wakati wa mapumziko alikuwa hachezi. Alikuwa anasimama katikati ya uwanja, mbali na kuta na mbali na wenzake, mikono ameitenga na mwili.

Sisi tulisifu nidhamu yake.

Kisha direktrisi akamrudisha na ujumbe wa mdomo. Alisema shule yake si mahali pa komunio ya kwanza. Lesi iondoke, njiwa aondoke, vifungo vya lulu viondoke, na hilo ndilo onyo la mwisho, kwa sababu sheria ya sare ni ya wote: siku nyingine mtoto akija mchafu, au akija kama malkia, atapata mwingine wa kukalia benchi lile. Shirika liliuchukulia ujumbe huo kama tusi. Jirani wa dhahabu alilia machozi ya kweli. Ilipendekezwa tumwandikie askofu. Lakini zamu iliyofuata ilikuwa yangu, kwa hiyo shati lilikuja kwangu pamoja na matusi yake yote, na mimi nilichukua mkasi.

Nisiseme uongo, nilifurahia. Nilimfumua njiwa uzi kwa uzi mpaka jani. Nilirudisha vifungo vya plastiki. Nililifua, nikalipiga pasi ya makaa, nikalitundika kwenye msumari juu ya kitanda cha binti yangu. Kwa sababu dirisha la chumba kile linatazama ziwa na unyevu ni mwingi, nililifunga. Nilishusha chandarua ili vumbi lisishuke juu ya matandiko na baadaye kurukia shati. Nikazima taa, nikatoka kwa kunyata. Mwenye shati alikuwa amelala chini ya meza ya mwuza vitunguu, na mimi nilinyata ili nisilisumbue shati. Wakati ule sikuona kichekesho. Niliona mpango mzuri unaokwenda vizuri.

Katikati ya juma langu mvua ikanyesha. Wanaoijua Bukavu wanajua mvua yetu haishuki tu, inateremka na mlima. Ilinyesha usiku kucha, na kulipopambazuka maji ya njano yalikuwa bado yanashuka kwenye ngazi mbele ya nyumba yangu yakiwa na viatu vya watu. Niliwasha makaa mapema nikapiga pasi tena ili shati liwe na joto. Saa ya kawaida ya msichana ikapita. Nilikwenda mlangoni, nikarudi, nikaenda tena. Nililokuwa nawaza, na nalisema kama lilivyokuwa, ni kwamba shati litachelewa shuleni.

Alipofika alisimama nje kabisa, kwenye mvua, hakukanyaga hata kizingiti. Maji yalikuwa yameingia sokoni na kuibeba ile meza ya vitunguu. Alikuwa amepanda kwa mikono na magoti. Tope lilikuwa limemfika shingoni, kandambili moja imekwenda, na nywele zake zilikuwa na majani ya vitunguu. Nilimnyoshea shati. Akaficha mikono yake mgongoni.

“Maman, leo ibakiye,” alisema. “Yenyewe iko safi. Muchafu ni miye.”

Hakulia. Aliongea kama mtu anayetoa taarifa, na aligeuka kuondoka. Alikuwa amepima mwenyewe: shule imekwisha, lakini shati angalau limepona.

Mimi hasira ilinipanda mpaka masikioni. Niliikasirikia mvua, nikamkasirikia shangazi na barabara yake mbaya, nikaukasirikia mkutano wetu na karanga zetu. Zaidi ya yote niliukasirikia mkono wangu, uliokuwa bado umelinyanyua lile shati juu, mbali na mtoto, lisirukiwe na tope. Nililitupa kitini. Nilimshika bega nikamvuta ndani, akaweka miguu yake juu ya zulia langu la zamu, na alama zile ninazo hadi leo.

Maji yalikuwa tayari kwenye mbabula, jiko langu la makaa, kwa chai yangu. Nilimimina yote kwenye beseni. Nilipomvua gauni niliona mgongo wake. Alikuwa na michubuko ya zamani na ya jana, na mbavu ungeweza kuzipangusa mojamoja. Majuma yote yale kila mshono wa shati ulikuwa umekaguliwa kwenye mwanga na wanawake wenye miwani, nami nikiwa mmoja wao, na mgongo uliolivaa hakuna aliyeuona. Nilimsugua nikiwa kimya, kwa maana kama ningefungua mdomo ningepiga kelele, naye angefikiri anapigiwa yeye. Aliniuliza tu kama sabuni hii ni ile ya shati. Nikamwambia ndiyo. Akanusa mkono wake.

Sketi niliikamua, nikaipiga pasi ikiwa mbichi mpaka jikoni kukajaa mvuke. Nilimchana nywele. Viatu vya binti yangu vilikuwa vikubwa kama mitumbwi, kwa hiyo alivaa pantofle zangu za nyumbani, zile za manyoya. Tukatoka chini ya mwavuli mmoja, mimi nimeloa upande wa kulia, yeye amekauka kote.

Direktrisi alikuwa amesimama getini, akiwarudisha waliochelewa. Alimtazama mtoto kuanzia juu. Nywele zilikuwa sawa, kola ilikuwa sawa, mfuko wa shati ulikuwa na matundu madogo ya sindano yenye umbo la ndege, akayatazama akapita. Sketi sawa. Alipofika kwenye pantofle alikaa sana. Nilianza kutayarisha maneno ambayo mtawa hapaswi kuambiwa. Kisha akasema kwamba sheria ya shule inataja viatu vyeusi, lakini kwa bahati haitaji chochote juu ya manyoya, na kwamba somo la hesabu limekwisha kuanza. Mtoto aliingia akiburuta miguu ili pantofle zisimtoke. Direktrisi alinitazama mimi, sasa kuanzia juu, mpaka kwenye bega langu lililoloa, akaniuliza kama nami nasubiri kitu. Nikarudi nyumbani.

Jioni alirudi saa ileile ya kila siku, akapitia mlango wa nyuma kama alivyofundishwa. Alivua shati, akalikunja mwenyewe, akaninyoshea kwa mikono miwili, akasimama kungoja nilikague. Sikulikagua. Akaomba gauni lake ashuke. Nilimwambia gauni nimelifua, bado halijakauka, na hata likikauka leo hashuki. Nikampa fulana ya zamani ya binti yangu, nikampeleka chumbani. Nilipandisha chandarua, nikapigapiga mto, nikamwambia atalala hapa.

Hakusogea. Alitazama kitanda, akatazama ule msumari ulio juu yake, kisha akatazama shati mkononi mwangu. Alikuwa amepita nyumba zetu zote na alizijua desturi zetu vizuri kuliko katekista: katika shirika hili nafasi ni moja, na ilikwisha kutolewa. Nilimwona akihangaika, akitafuta namna ya kuniuliza bila kunikosea adabu.

“Na shati, maman,” akasema, “italala wapi?”